Zamu ya barafu

Maji humwagwa usiku, jua likishazama nyuma ya milima na baridi ikishuka hadi digrii 20 chini ya sifuri. Humwagwa kidogo kidogo. Tabaka moja jembamba, wanasubiri lishike, kisha jingine juu yake. Ukimwaga mengi kwa pupa, juu huganda na chini hubaki maji, na kesho yake kisu cha kiatu huzama na mtu akavunjika mguu. Alfajiri wanapita na mafagio, wanaondoa theluji na vumbi, wanaziba nyufa kwa theluji iliyoloweshwa. Vidole vimekufa ganzi kabla hata gongo halijashikwa. Hivyo ndivyo uwanja wa magongo ya barafuni ulivyopatikana Ladakh kwa miaka mingi, na katika vijiji vyake vingi bado unapatikana hivyo hivyo.

Ladakh iko kaskazini kabisa mwa India, kati ya Himalaya na Karakoram. Mji wake mkuu, Leh, uko kama mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anakikumbuka kituo cha Horombo, mita 3,720, mahali ambapo kuinama tu kufunga kamba za viatu kunakuacha unahema. Leh iko chini kidogo ya hapo. Ni jangwa la baridi: mvua ya mwaka mzima huko ni kama milimita 100, kiasi ambacho Dar es Salaam inaweza kukipata kwa siku chache za masika. Na ni katika mwinuko huo, katika hewa hiyo nyepesi, ndiko liliko chimbuko la sehemu kubwa ya timu ya taifa ya wanawake ya India.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, tuelezane kidogo. Kila upande unaingiza watu 6, golikipa akiwa mmoja wao. Badala ya mpira kuna paki, kisahani cha mpira mgumu mweusi chenye upana wa kiganja na uzito wa gramu 160 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Vipindi ni 3, kila kimoja dakika 20. Lakini hakuna anayeweza kukimbia dakika 20 mfululizo juu ya visu vya chuma. Wachezaji huingia na kutoka kwa makundi, kila kundi likiteleza kwa nguvu zote muda usiofika hata dakika moja, kisha linaruka ukuta na kukaa benchi huku lingine likiingia. Ni mchezo wa zamu tangu kipenga cha kwanza.

Neno hilo, zamu, ndilo lililonifanya niifuatilie habari ya wanawake hawa.

Nimekulia kwenye mtaa uliokuwa na bomba moja. Ndoo zilipangwa foleni tangu usiku, kila moja na alama yake: hii ina utepe mwekundu, ile ina kovu la kuungua. Ya mama ilikuwa na kipande cha kanga kilichofungwa kwenye mkono wake, kanga ya kijani ambayo kipande chake kingine kilikuwa kitambaa chetu cha jikoni. Ugomvi ukizuka pale bombani, na ulizuka karibu kila wiki, haukuwa wa maji. Maji yalijulikana yatatoka. Watu waligombania nani atangulie. Mama hakuwa mtu wa maneno, lakini aliyeisogeza ndoo yake nyuma alimsikia.

Wakulima wa Ladakh wamelifanyia kazi jambo hili kwa karne nyingi. Maji yao ya kiangazi yanatoka kwenye barafu za milimani, yanashuka kwa mifereji, na usiku hukusanywa katika bwawa la kijiji wanaloliita zing. Kijiji huwa na mtu anayeitwa churpon. Kazi yake ni kugawa maji: anafungua mfereji huu, anafunga ule, ili kila shamba la shayiri linywe kwa zamu yake na asiwepo wa kulala njaa kwa sababu jirani yake ana mabavu. Shayiri ikishavunwa, kazi ya churpon imekwisha. Majira ya baridi yanaingia, bwawa linaganda, na watoto wanashuka kucheza juu yake.

Maji yalikuwa na mgawaji. Barafu haikuwa naye.

Wanajeshi wa India ndio wanaotajwa kuuleta mchezo huu Leh, miaka ya 1970, wakitafuta cha kufanya katika miezi ambayo njia za milimani zimezibwa na theluji. Vijana wa mjini walitazama, wakaiga, wakaunga vyuma chini ya viatu vya jeshi na kujifunza kuteleza. Klabu ya michezo ya majira ya baridi ya Ladakh iliundwa mwaka 1985, na mwaka 1989 India ikaingia katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu, IIHF. Bwawa la Karzoo, katikati ya Leh, likawa ndio uwanja wenye jina. Hizo zote zilikuwa habari za wanaume.

Wachezaji wanawake wa kizazi cha kwanza wamesimulia mara nyingi jinsi ilivyokuwa. Walisimama pembeni mwa bwawa wakisubiri wanaume wamalize. Hapa ni lazima mtu aelewe tabia ya barafu ya asili. Ubora wake uko asubuhi mapema, ikiwa ngumu na laini kama kioo. Jua la mwinuko ule ni kali ajabu hata hewa ikiwa ya baridi kiasi cha kugandisha pumzi kwenye ndevu. Likipanda, uso wa barafu hulegea, hutoa maji, na kisu huanza kukwama. Kwa hiyo anayepewa uwanja mwisho hapewi uwanja ule ule. Anapewa uji. Msichana aliyejifunzia juu ya uji huo, kwa viatu vya kuazima vilivyojazwa soksi ili visimvuke, halafu akaambiwa hana kasi, alionewa mara mbili.

Mahali pamoja walipopata nafasi mapema ni SECMOL, harakati ya elimu iliyoanzishwa mwaka 1988 na vijana akiwemo mhandisi Sonam Wangchuk. Shule yao iko Phey, kando ya Mto Indus, katika majengo ya udongo yanayopata joto kutokana na jua, na ilijulikana kwa kuwapokea vijana waliofeli mitihani ya serikali. Humo wasichana waliteleza na kushika magongo kama wavulana. Mmoja wa waliopitia pale, Diskit Angmo, alikuja kuwa mchezaji wa taifa na mmoja wa waliobeba mzigo wa Ladakh Women Ice Hockey Foundation, taasisi ambayo wachezaji wenyewe waliianzisha mwaka 2015 walipochoka kungoja kukumbukwa.

Mwaka uliofuata wakaingia mashindano yao ya kwanza ya kimataifa, Kombe la Changamoto la Asia, mjini Taipei. Nauli haikuwepo. Sehemu kubwa ya safari ile iliwezekana kwa michango ya watu wa kawaida kupitia intaneti, mmoja anatoa kidogo, mwingine kidogo, kama sisi tunavyochangiana harusi na misiba. India wakati huo haikuwa na uwanja wa ndani wa kipimo kamili unaofanya kazi. Ule wa Dehradun, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Majira ya Baridi ya Asia Kusini ya mwaka 2011, ulikuwa umekaa umefungwa miaka kadhaa, kwa sababu umeme wa kugandisha uwanja mzima una gharama kubwa. Kilichokuwepo ni kiwanja kidogo ndani ya jengo la maduka la Gurgaon, jirani na Delhi. Wakafika Taipei, wakakutana na barafu isiyo na ufa, taa, kuta za kweli, na timu zinazofanya mazoezi mwaka mzima. Walifungwa mechi zote, nyingine kwa mabao ambayo kwenye soka yasingesemeka.

Mwaka 2017, Bangkok, waliwafunga Ufilipino mabao 4 kwa 3. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza. Kuna video ya siku ile: wamesimama kwenye mstari na kofia ngumu mikononi, wimbo wa taifa unapigwa, na wanalia wazi wazi, pua zinatiririka, hakuna anayejificha. Nimeitazama mara nyingi. Kinachonishika ni yule wa pembeni anayejaribu kuimba na mdomo unamkatalia.

Golikipa wao wa miaka hiyo anaitwa Noor Jahan, na maisha yake yanastahili makala peke yake. Ni Mwislamu wa Leh. Mkate wake anaupata kwa kuhifadhi sanaa: ni miongoni mwa waanzilishi wa Shesrig Ladakh, kikundi cha wanawake kinachotengeneza michoro ya ukutani iliyochakaa katika mahekalu ya Kibudha, baadhi yake ikiwa na karne kadhaa. Kiangazi chote unaweza kumkuta juu ya jukwaa la mbao katika chumba chenye giza, taa kichwani, kisu kidogo cha daktari mkononi, akibandua chokaa iliyopakwa juu ya uso wa mungu ambaye si wa dini yake. Ni kazi ya milimita. Udongo uliobanduka nyuma ya mchoro hurudishwa kwa kuchoma sindano yenye tope laini, kisha unabonyezwa kwa kiganja na kusubiriwa. Siku nzima inaweza kuishia kwenye eneo la ukubwa wa bahasha. Majira ya baridi yakiingia, tope likawa haliwezi kukauka bila kuganda, kazi husimama, naye huvaa mapedi na kwenda kusimama langoni, ambako kisahani cha mpira kinamjia kwa kasi ambayo jicho linaweza kuipoteza.

Nimejiuliza mtu anavukaje kutoka kazi ile kwenda mchezo ule. Nadhani golikipa na mhifadhi wanafanana zaidi ya inavyoonekana. Wote wawili wanaishi kwa kutazama kitu kimoja muda mrefu bila kupepesa, na wote wawili kosa lao halifutiki. Lakini lililo muhimu kwangu ni jingine. Huyu ni golikipa wa taifa, na hakuna aliyemlipa mshahara kwa kazi hiyo. Ndani ya kikosi kile kumekuwa na wanafunzi, walimu, waongoza watalii, wafanyakazi wa ofisini na mabinti wa wafugaji. Waliomba ruhusa, walijigharamia, na waliporudi walikuta kazi zinawasubiri.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 Hayley Wickenheiser, Mkanada mwenye medali 4 za dhahabu za Olimpiki, alifika Ladakh pamoja na Andrew Ference aliyekuwa mchezaji wa ligi kuu ya Amerika Kaskazini. Waliteleza na wasichana, wakaleta vifaa, na Novemba mwaka huo huo timu ya India ikaalikwa kwenye tamasha la Wickenheiser mjini Calgary. Magazeti ya dunia yaliipenda sana habari hiyo. Yaliandika juu ya uvumilivu wao. Mimi neno hilo nimelichoka linapowekwa mbele ya jina la mwanamke yeyote, awe wa Leh au wa Lindi, kwa sababu mara nyingi hutolewa kama zawadi badala ya kile kilichokuwa kinadaiwa. Wanawake hawa hawakuwa wanadai kusifiwa. Walikuwa wanadai saa 2 za asubuhi juu ya barafu ngumu.

Na saa hizo zimeanza kupatikana. India ina mashindano ya taifa ya wanawake, ambako timu ya Ladakh hukutana na majirani zao wa Himachal Pradesh na kikosi cha ITBP, polisi wa mpaka wa India na Tibet. Kaza, mji mdogo wa bonde la Spiti huko Himachal, ulipopewa kuandaa mashindano hayo mwaka 2022, wasichana wa bonde lile walicheza mbele ya bibi zao, ambao wengi walikuwa hawajaona mwanamke akivaa kofia ngumu ya mchezo huu. Kikosi cha ITBP kimeleta jambo ambalo halikuwepo: ajira. Msichana anayecheza vizuri anaweza kuingia polisi, akapata mshahara, pensheni na viatu vya saizi yake. Wapo wanaolalamika kwamba hilo linavinyang'anya vijiji wachezaji wao bora. Nawaelewa. Ila sioni ni kwa haki gani mtu anaweza kumwambia binti wa mfugaji akatae mshahara ili timu ya kijiji ibaki na nguvu.

Tangu Januari 2024 kuna pia ligi ya Ladakh yenyewe, chini ya udhamini wa kampuni ya pikipiki ya Royal Enfield, na humo wanawake wana timu zao na ratiba yao. Ratiba ndiyo habari kubwa hapo. Karatasi iliyobandikwa ukutani, ikisema wanawake wanacheza saa fulani, inamfanya mtu asisimame tena pembeni akisubiri huruma.

Barafu yenyewe, kwa bahati mbaya, haisomi ratiba. Wachezaji wakongwe wanasema zamani waliteleza tangu mapema Desemba mpaka Februari inakwisha. Sasa mabwawa yanachelewa kushika, na jua la Februari linawakuta mashindano hayajaisha. Barafu za milimani ambazo ndizo akiba ya maji ya Ladakh zinarudi nyuma. Wangchuk yule yule wa SECMOL alianza, majira ya baridi ya 2013 na 2014, kujenga vilima vya barafu vyenye umbo la stupa, kwa kurusha maji hewani usiku yakaganda yakishuka, ili yayeyuke taratibu wakati wa kupanda. Wanavijiji wanahifadhi barafu kwa ajili ya shayiri, na wachezaji wanaihitaji kwa ajili ya mchezo, na ni maji yale yale. Uwanja wa NDS mjini Leh siku hizi una mitambo ya kugandisha, na umebeba mashindano ya majira ya baridi ya Khelo India. Ni msaada mkubwa kwa walio mjini. Msichana wa Changthang, mwendo wa siku nzima kwa gari, bado anategemea mbingu.

Mei na Juni 2025, timu ya wanawake ya India ilicheza Kombe la Asia la IIHF mjini Al Ain, Falme za Kiarabu. Wasomaji wetu wenye ndugu Oman wanaujua mji huo: unapakana na Buraimi, mtu anavuka kwenda kununua vitu na kurudi. Mwezi wa sita joto la nje huko hupita digrii 40. Ndani ya jengo, juu ya barafu ya mitambo, mabinti hao walishinda medali ya shaba, medali ya kwanza kabisa ya India katika mashindano hayo ya wanawake. Walitoka nje wakiwa wameivaa shingoni, kwenye joto ambalo wengi wao hawakuwahi kulikuta nyumbani.

Nairobi nako kuna watu wanaoijua hadithi hii kwa ndani. Kenya Ice Lions wameanzia kwenye uwanja mdogo wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na Kenya ilipokelewa IIHF mwaka 2024. Wanawake wamo, wakifanya mazoezi pamoja na wanaume kwa kuwa uwanja ni mmoja. Niliwahi kuingia pale siku moja. Baridi ilinipiga usoni kama mlango wa friji ya bucha, nikashika ukuta kwa mikono miwili, na miguu ikaniambia kwamba haikuzaliwa kwa kazi hii. Kando yangu binti wa miaka kama 12 alikuwa anarudi kinyumenyume, polepole, macho yake kwenye kisu cha mguu wa kushoto. Alianguka, akainuka, akaangalia saa ya ukutani. Nilielewa baadaye kwamba muda wa viatu vyake vya kukodi ulikuwa unakaribia kwisha.

Wanawake wa ile taasisi ya Ladakh wanaijua saa hiyo. Kila majira ya baridi hupakia magongo na viatu kwenye gari na kwenda vijijini, wiki hapa, wiki kule, kuwafundisha watoto juu ya bwawa lolote lililoganda. Viatu havijawahi kutosha. Kundi moja linaingia, lingine linakaa kwenye ukingo likiwa limejifunika mablanketi, likihesabu. Kisha wanabadilishana: kamba zinafunguliwa, mtoto mmoja anachomoa mguu wenye joto, mwingine anatia wake. Mwalimu anapiga magoti kwenye barafu, anamfungia kamba, anavuta mpaka inakaza, anauliza kama inaumiza. Mtoto anatikisa kichwa, akiwa tayari anatazama mbele.

Mwezi wa Machi magari yamesharudi Leh. Bwawa linaanza kupasuka kutoka ukingoni, mistari iliyochorwa na visu inapotea, na maji yanangoja. Shayiri itapandwa. Churpon atafungua mfereji wa kwanza, na kila nyumba kijijini inajua ni ya ngapi.